UZI: Ibbi-Sin, mfalme wa mwisho wa Uru aliyemtuma ofisa wake akanunue shayiri, ofisa akabaki na shayiri na nchi pia

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu habari za jioni. Kule kwenye uzi wa Babeli watu walianza kubishana dola kubwa huwa zinaangukaje, huyu anasema vita, yule anasema usaliti, mwingine laana, basi nikaona nije na kisa ambacho mimi nakikubali kuliko vyote kwa sababu hiki kina risiti. Namaanisha risiti kabisa, za udongo, makumi ya maelfu, ziko makumbusho mpaka leo.

Tunaenda Sumeri, kusini mwa Iraki ya sasa, mji wa Uru. Magofu yako karibu na Nasiriyah na ule mnara mkubwa wa ngazi mnaouonaga kwenye picha ni kazi ya mfalme Ur-Nammu, ndiye aliyeanzisha huu ukoo mwaka 2112 KK hivi. Mwanae Shulgi akatawala miaka 48, akajitangaza mungu, akatungiwa nyimbo za kumsifu kwamba alikimbia kwa miguu Nippur mpaka Uru na kurudi siku hiyo hiyo (ni zaidi ya kilomita 300 kwenda na kurudi, mwamini mwenyewe). Wakafuata Amar-Sin miaka 9, Shu-Sin miaka 9, halafu ndio anaingia mtu wetu Ibbi-Sin mwaka 2028 KK. Wafalme watano, miaka kama 108, kwisha.

Sasa vitabu vingi vinakwambia Uru ilianguka mwaka 2004 KK Waelamu, majirani wa upande wa mashariki, walipovamia wakamfunga mfalme pingu. Mimi nasema hapana, siku ile walikuja kuzoa mabaki tu. Serikali ya Ibbi-Sin ilikufa zamani sana, ndani ya miaka yake minane ya kwanza, na anayeshikilia cheti cha kifo sio adui wa nje, ni ofisa manunuzi wake mwenyewe.

Naendelea chini, msiquote uzi mzima tafadhali.

#2

Mimi mtu wa Uru Moshi nimeingia mbio nikajua leo tumeandikwa. Anyway naweka kiti hapa hapa, endelea mkuu.

#3

Hiyo Uru ndio ile "Uru wa Wakaldayo" ya Ibrahimu kwenye Mwanzo 11?

#4 – Mwanzisha uzi

#2 😂😂 karibu, kahawa ulete wewe.

#3 mapokeo ya wengi yanasema ndio hii, ingawa wengine wanaitafuta kaskazini huko. Ila Wakaldayo wenyewe wamekuja kutawala kule zaidi ya miaka elfu baada ya Ibbi-Sin kwa hiyo hilo jina ni la baadae. Tusikae hapo, tutapotea.

Twende kwenye ushahidi. Hawa jamaa hawakuhesabu miaka kwa namba kama sisi. Kila mwaka ulipewa JINA, na jina linatoka ikulu. "Mwaka ambao mfalme alijenga kuta kubwa za Nippur na Uru", ndio mwaka wa 6 wa Ibbi-Sin huo. Karani yeyote popote kwenye dola akipokea kondoo, akitoa posho ya shayiri, akikopesha, lazima mwisho wa kibao cha udongo aandike jina la mwaka. Kwa hiyo kama karani wa mkoa fulani anaandika jina la mwaka la Ibbi-Sin maana yake mkoa ule unamtambua. Akiacha, jiulize.

Na waliacha. Pale Puzrish-Dagan, lile zizi kubwa la serikali alilojenga Shulgi karibu na Nippur, ambako ng'ombe na kondoo wa kodi kutoka mikoa yote walipitia wakihesabiwa mmoja mmoja mpaka waliokufa, vibao vinakatika mwaka wa 2 au wa 3 wa Ibbi-Sin. Eshnunna kule kaskazini na Susa kule mashariki hivyo hivyo, mapema kabisa. Halafu mji wa Umma. Halafu mji wa Girsu, ambako kulikuwa na viwanda vya kufuma vyenye maelfu ya wanawake na watoto wao. Ikifika mwaka wa 7 au wa 8 hata Nippur imenyamaza, na Nippur ndio mji wa Enlil mungu mkuu, mfalme asiyetambulika Nippur ni kama hajaapishwa.

Yaani kijana ameingia madarakani, hata hajazoea kiti, mikoa inazima simu mmoja baada ya mwingine. Na akakaa kwenye hicho kiti miaka mingine 16!

#5

Mkuu kwa nini mikoa iliacha? Walipigwa au waligoma tu?

#6 – Mwanzisha uzi

Swali zuri na jibu lake ni mchanganyiko. Kwanza kulikuwa na Waamori, hawa wafugaji wa kutoka kaskazini magharibi, Wasumeri waliwaita Martu. Shu-Sin katika mwaka wake wa 4 alijenga ukuta mrefu ukapewa jina la kwamba unawazuia hao jamaa wakae mbali. Haukuzuia kitu cha maana. Ila msifikiri kulikuwa na jeshi moja la Waamori linakuja na bendera, hapana, wengine walikuwa humo humo ndani wameajiriwa, wana posho, wengine makamanda. Tatizo lilikuwa barabara na mashamba, mkulima akiogopa kutoka kwenda kuvuna basi.

Pili ni mfumo wenyewe. Ulikuwa unaitwa bala, zamu. Kila mkoa wa ndani unapewa mwezi wake wa kuchangia serikali kuu, huyu alete shayiri, huyu matete na mbao, huyu vibarua, na vyote vinagawanywa upya. Uru yenyewe haikujitosheleza kwa chakula, ilikula kwa mgongo wa mikoa. Mfumo huu mwaka wa neema unapendeza kweli, makarani wanaandika tu. Ila mkoa mmoja ukikosa kuleta, wa pili anaangalia, anajiuliza kwani mimi ni mjinga, anabakiza vyake stoo.

Na bado kulikuwa na majirani wa mashariki wa kubembeleza. Shu-Sin aliipiga nchi ya Zabshali mpaka akauita mwaka mzima kwa ushindi huo. Mwanae hata miaka kumi haijapita, mwaka wake wa 5 jina lake ni kwamba mtawala wa Zabshali amemuoa binti mfalme, Tukin-hatti-migrisha. Baba alienda na jeshi, mwana akapeleka binti. Hapo unaelewa hali ya jeshi bila kuambiwa.

#7

Leta huyo ofisa manunuzi sasa unatuzungusha

#8 – Mwanzisha uzi

😂 haya.

Anaitwa Ishbi-Erra. Sio mtu wa Uru, ni mtu wa Mari, mji wa mbali juu huko kwenye mto Frati, upande wa Syria ya leo. Yuko kwenye utumishi wa mfalme. Njaa imeingia Uru, bei ya shayiri imepaa. Siku za kawaida shekeli 1 ya fedha (madini, uzito wa kama gramu 8) ilikuwa inanunua guri 1 ya shayiri, na guri ni kama lita 300. Posho ya mwanaume kibarua ilikuwa lita 60 kwa mwezi, mwanamke 30, kwa hiyo guri moja ni miezi mitano ya mwanaume mmoja.

Mfalme anamkabidhi Ishbi-Erra talanta 20 za fedha. Talanta ni kilo 30, kwa hiyo kama kilo 600 za fedha safi. Nenda kaskazini, maeneo ya Isin na Kazallu, ukanunue shayiri ulete.

Barua yake ya kurudisha majibu tunayo. Anaanza vizuri kwa heshima zote, mtumishi wako Ishbi-Erra, halafu anasema fedha nimepokea, bei nimekuta shekeli kwa guri, nimenunua guri 72,000. Ila mheshimiwa, nimesikia Martu wameingia nchini, kwa hiyo mzigo wote nimeuingiza ndani ya Isin kwa usalama. Martu wamekamata ngome zote, siwezi hata kupura hiyo nafaka. Nitumie majahazi 600, kila moja la kubeba guri 120. Na ukiona inafaa niachie mimi ulinzi wa Isin na Nippur. Halafu usiwe na wasiwasi kuhusu njaa ya ikulu, nafaka ninayo ya kutosha miaka 15.

Soma tena hiyo barua polepole. Mtu ana nafaka. Ana mji wenye kuta. Anaomba apewe na mji mtakatifu. Na anajua kabisa anayemwandikia hana majahazi 600.

#9

Nimekaa stoo ya nafaka miaka mingi ngoja niwasaidie hesabu. 72,000 × 300 ni lita milioni 21 na laki 6. Shayiri lita moja ni kama gramu 600, kwa hiyo tani elfu 12 na kitu, magunia ya kilo 100 yanazidi laki moja. Kwa posho ya lita 60 inalisha wanaume 30,000 mwaka mzima. Na majahazi 600 × 120 inatoka 72,000 kamili. Huyu jamaa karatasi zake zilinyooka, mtu wa namna hii ukimkagua humkuti na kosa mpaka ukafungue ghala.

#10 – Mwanzisha uzi

#9 heshima kwako dada. Na ngoja sasa uone mfalme alivyomkagua. Jibu la Ibbi-Sin lipo pia na linauma. Anasema wewe ulipewa talanta 20 ununue nafaka, ukanunua guri MBILI kwa shekeli, mimi umeniandikia guri moja. Wakuu, miaka elfu nne na mtu kapiga cha juu, tena cha juu cha nusu kwa nusu! Kisha anamuuliza, ilikuwaje Puzur-Numushda mkuu wa mkoa wa Kazallu akawaachia Martu wakaingia nchini kwangu na wewe upo hapo hapo.

Kama hayo ni kweli basi hata ile guri 72,000 sio hesabu yake, ni nusu ya alichokuwa nacho.

Na mfalme afanye nini? Amfukuze kazi? Atatuma nani akamkamate, na huyo atakayetumwa atakula nini njiani? Alichobaki nacho ni matusi. Kwenye barua nyingine, kwa huyo huyo Puzur-Numushda, analalamika kwamba Enlil ameichukia Sumeri, amempa ufalme muuza mvuje ambaye hata sio mbegu ya Sumeri, mara nyani aliyeshuka kutoka milimani. Muuza mvuje jamani, sijui hata kwa nini hilo tusi nalipenda hivi, unaiona dharau ya mtu wa ikulu kwa mtu wa kibandani mwenye kunuka bidhaa zake. Lakini muuza mvuje ndiye mwenye magunia.

#11

Samahani mkuu nitakuwa mtu wa kuharibu sherehe. Hizo barua sio za wakati wa Ibbi-Sin. Nakala tulizonazo ziliandikwa na wanafunzi wa ukarani miaka mia mbili na zaidi baadae, ni mazoezi ya darasani, zingine zina toleo refu na toleo fupi zisizofanana. Unajengaje kesi ya wizi kwa daftari za wanafunzi?

#12 – Mwanzisha uzi

Hoja nzito na naipokea, wataalamu wenyewe wanagawanyika hapo, kuna wanaoona kiini ni barua halisi za kumbukumbu za serikali na kuna wanaoona ni utunzi mwingi. Mimi maneno sihitaji yawe ya kweli neno kwa neno. Nitoe barua zote mezani, tuseme hazipo. Unabaki na nini? Unabaki na vibao vya kawaida vya kila siku, vilivyoandikwa mwaka ule ule na makarani wasiojua kama kuna historia, na vinakatika mkoa kwa mkoa kama nilivyosema. Unabaki na bei ya shayiri iliyopanda. Na unabaki na Isin, ambako kuanzia kama mwaka 2017 KK makarani wanaandika majina ya miaka ya ISHBI-ERRA. Huyo alikuwa mtumishi, sasa anatoa majina ya miaka. Hayo ndiyo mapinduzi, hayakuhitaji risasi wala redio ya asubuhi.

Barua zinatupa sauti tu. Mifupa ipo bila zenyewe.

#13

Mbona hamumuongelei huyo Puzur-Numushda, yeye alikuwa upande gani?

#14 – Mwanzisha uzi

Huyo ndiye ninayemuonea huruma kuliko mfalme. Barua yake inasema mjumbe wa Ishbi-Erra alikuja akamwambia bosi wangu ameahidiwa na Enlil nchi yote, kutoka huku mpaka kule, atajenga ukuta wa Isin, atashika Nippur, usijisumbue kupinga. Na akaanza kutekeleza kweli, wakuu wa mikoa wengine kawakamata, wengine kawarudisha kwenye viti vyao wakiwa watu wake. Puzur-Numushda anamwandikia mfalme, mimi niko peke yangu, hakuna anayetembea na mimi, huyu mtu akinigeukia nimekwisha.

Anaomba jeshi. Mfalme anajibu kwa kumgombeza kwanza, askari nilikupa mbona umechelewa, halafu anamtia moyo kwamba Enlil atawainua Martu kutoka milimani kwao wawapige Waelamu na wamkamate Ishbi-Erra.

Wamartu! Wale wale ambao baba yake alijenga ukuta kuwazuia, wale wale anaowalaumu kwa kuingia nchini kwake, sasa ndio jeshi la ukombozi kwenye ndoto yake. Nikisomaga hapo huwa nacheka halafu naacha kucheka.

#15

Mkuu unamkandia sana Ibbi-Sin. Kuna ukame mkubwa uliopiga Mashariki ya Kati yote enzi hizo, hata Wamisri uliwapiga. Na chumvi kwenye mashamba ya umwagiliaji. Hata angekuwa Shulgi angefanya nini?

#16 – Mwanzisha uzi

Ule ukame maarufu unaousema wengi wanauweka karibu na 2200 KK, unahusishwa zaidi na kuanguka kwa dola ya Akadi, yaani kabla hata Uru hii haijasimama. Chumvi ardhini ilikuwepo kweli, maji ya kumwagilia yakikauka juu yanaacha chumvi, ngano inashindwa kabla ya shayiri, lakini hiyo ni shida ya kula taratibu miaka mingi, haielezi kwa nini Umma inaacha kuandika jina la mfalme mwaka huu na Girsu inafuata muda mfupi baadae. Kumbuka pia kaskazini nafaka ilipatikana, ndio maana mtu alitumwa na fedha akanunua. Chakula kilikuwepo nchini, kilichokufa ni njia ya kukifikisha Uru na sababu ya mtu kukipeleka.

Ila sio kwamba namwona zoba. Huyu jamaa alipambana. Mwaka wa 9 anaenda Huhnuri mpakani mwa Anshan, mwaka wa 14 anadai ameziangukia Susa, Adamdun na Awan kama dhoruba, mwaka wa 17 anadai Waamori wa kusini "wasiojua miji" wamemnyenyekea. Sasa hayo ni majina ya miaka, ni taarifa ya habari ya serikali, punguza unavyojua wewe. Lakini yanaonyesha bado anatoka na jeshi, anatafuta.

Halafu angalia majina ya mwisho yanavyobadilika. Mwaka wa 22, mfalme ameishikilia Uru iliyopigwa na tufani iliyoamriwa na miungu ikatikisa ulimwengu. Mwaka wa 23, nyani mjinga wa nchi za kigeni amempiga. Hebu fikiria unafanya kazi ofisi ya kutunga majina ya miaka, kazi yako yote ni ushindi na mahekalu, halafu mwaka huu inabidi uandike hivyo na ukigonge kwenye kila mkataba wa mkopo mjini.

#17

Mwaka wa 24 je

#18 – Mwanzisha uzi

Mwaka wa 24 ndio Waelamu na watu wa Shimashki wanakuja, Kindattu ndiye mfalme wao anayetajwa. Uru inazingirwa, njaa ndani, inavunjwa. Kuna maombolezo marefu yaliyotungwa baadae yanaeleza maiti milangoni, mungu mke Ningal analia juu ya mji wake, na kwamba Ibbi-Sin atapelekwa Elamu kwa pingu na hatarudi kamwe kwenye mji wake. Sanamu ya Nanna, mungu wa mwezi mwenye Uru, nayo ikachukuliwa mpaka Anshan, milimani kusini magharibi mwa Irani ya leo. Mfalme na mungu wake wakapelekwa njia moja. Tofauti ni kwamba sanamu ilirudi.

Na aliyeirudisha ni nani? Shu-ilishu, mtoto wa Ishbi-Erra!

#19

Weeeh. Kwa hiyo Ishbi-Erra alikaa Isin anaangalia tu Uru inachomwa?

#20 – Mwanzisha uzi

Hatuoni popote akienda kuokoa. Baadae akaja kuwatoa askari wa Elamu waliobaki Uru, akaonekana mkombozi, akatawala jumla miaka 33. Wafalme wa Isin wakaendelea kuabudiwa na kuandikiwa nyimbo kwa mtindo ule ule wa Shulgi, kila kitu copy. Na ile Orodha ya Wafalme wa Sumeri, inapomaliza Uru inaandika ufalme ukahamia Isin, kama vile umehamishwa kwa barua ya uhamisho, hakuna neno la talanta 20.

Ibbi-Sin yeye akabaki kwa waganga. Wale wasoma maini ya kondoo, ini likitoka na alama fulani mbaya wanasema hii ni "ya Ibbi-Sin", maana yake maangamizi. Kuna ini la udongo la kufundishia limeandikwa kwamba nchi ya Ibbi-Sin ilipomuasi ini lilikaa hivi. Limechimbwa Mari. Ndio, Mari ya Ishbi-Erra.

#21

Basi hapo umenipa silaha mkuu. Ona hilo ini linasema NCHI ilimuasi, halisemi ofisa mmoja alimuibia. Watu wa karibu na tukio kuliko wewe walijua ni mikoa yote iliyochoka kuchangia mji usiozalisha. Ishbi-Erra alikuwa wa kwanza mwenye ghala kubwa tu, asingekuwa yeye angekuwa mwingine, na hata talanta 20 zingefika salama zingelisha Uru mwaka mmoja miwili. Mwaka wa tatu?

#22 – Mwanzisha uzi

Mwaka wa tatu angekuwa na shayiri ya kulipa askari wa kwenda kukusanya bala ya Umma na Girsu, huo ndio ubishi wangu. Fedha ilitoka hazina ikiwa bado kuna mikoa ya kurudisha. Ila hiyo ya ini umenibana kidogo, acha nikachimbe vibao vya Umma vya miaka ile nije tubishane vizuri.

#23

Na ile kahawa ya #2 iko wapi, tumesoma mpaka mwisho koo limekauka